Mwaka Nilipoziba Masikio

Simu ililia asubuhi nikichambua maharage, na mjukuu wangu ndiye aliyeipokea, maana mimi vidude hivi vya mkononi huvishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kaa la moto. Akaniambia, "Bibi, wanasema Bi Zuhura amefariki jana huko Dar es Salaam." Nikasema nimesikia, nikaendelea na maharage yangu. Binti yangu akaja kunishika bega akataka nikajinyooshe kidogo kitandani. Sikulala. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa, nikahamisha ndoo kutoka kivulini kwenda juani na kuirudisha kivulini, nikafungua Biblia nikasoma mstari mmoja mara nne bila kujua umesema nini. Nimepita miaka themanini. Watu wa kanisani huja kwangu niwaombee, na huambiana njiani kwamba Bibi Raheli ana moyo uliotulia. Laiti wangejua! Aliyeujua moyo wangu ulipokuwa nyuki waliochokozwa alikuwa Zuhura, na sasa ameondoka. Kwa hiyo nitaandika mwenyewe habari za mwaka tuliokaa ua mmoja pale Ng'ambo, mtaa wa hapa Tabora, kabla watu hawajanitungia sifa nisizostahili siku ya kunizika.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Waingereza walikuwa wangali wakitutawala, na Ng'ambo ilijaa watu wa kila upande: askari waliorudi Burma na makoti mazito yasiyofaa kwa jua letu, mafundi cherehani, wachuuzi wa nta na asali, wake wa watu wa reli. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilitoka kwetu Itetemia, siku hizo mashamba matupu, nikaja kukaa na Shangazi Roda katika nyumba ya udongo yenye milango minne iliyotazamana uani. Shangazi alikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa chake, kina kitanda cha kamba, sanduku la bati, na mafiga matatu pembeni kwa ajili ya siku za mvua. Cha nyuma, ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, akanipa mimi. Kila kitu mle ndani kilinuka karanga, kwa sababu Shangazi alichemsha karanga na kuanika matobolwa, vile viazi vitamu vilivyopikwa vikakaushwa, akawauzia abiria stesheni. Jioni tulikula ugali wa mtama kwa mlenda, chungu katikati yetu, na kabla hatujanawa mikono alikwisha tokea mtu mlangoni kuuliza kama tuna chumvi. Mtu huyo mara nyingi alikuwa Zuhura.

Zuhura alinizidi miaka kama mitano. Alikuwa Mzaramo, Mwislamu, na mume wake alichochea moto kwenye garimoshi la Kigoma, siku tatu yupo, siku nne hayupo. Kwa kuwa yeye Mzaramo na sisi Wanyamwezi, tulikuwa watani kabla hatujaonana. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa Tabora mpaka pwani, na walipokaribia mwisho wa njia walilala katika nyua za babu zake, wakala chakula chao, wakaugua wakauguzwa, na wengine wakafa wakazikwa na watu wasiojua hata majina yao. Undugu wa namna hiyo hauna damu, na nadhani ndiyo maana watu waliutia matusi ili usipoe. Mtani hukutukana mbele za watu, huchukua kofia yako akaenda nayo, huja msibani kwako akacheka, na wewe huna ruhusa ya kununa. Siku ya kwanza nilipotoka kwenda bombani Zuhura alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Roda, huyu mpagazi umemtoa wapi? Na mzigo wake kautua wapi?" Shangazi akajibu papo hapo, "Kauacha kwenu. Babu yako alikuwa mvivu hata wa kuuiba." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilinuna.

Kilichonileta mjini kilikuwa darasa la kipaimara. Mwinjilisti aliyetufundisha alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, na nilimpenda kwa heshima yote, ndiyo maana maneno yake yaliniumiza. Siku moja alimuuliza kila mmoja wetu aliposali jana yake alikuwa akiwaza nini. Wenzangu wakasema mbingu, wakasema msalaba, wakasema dhambi zao. Ilipofika zamu yangu nikasema kweli: "Nilikuwa nawaza kama mlenda umeungua." Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Raheli," akasema, "moyo wako hauna mlango. Kila apitaye njiani anaingia na kuketi. Nenda ukaulinde. Ukifika Pasaka ukiwa hivi, siwezi kukupeleka kwenye Meza ya Bwana." Nilirudi nyumbani nikilia, nikakatiza katikati ya soko bila kumwamkia mtu, hata watu wazima. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani: moyo utulie, nipate nafasi yangu mezani siku ya Pasaka.

Basi nikajiwekea saa moja kila siku baada ya chakula cha mchana, na hapo ndipo nilipogundua kwamba saa hiyo ndiyo Ng'ambo nzima huamka. Fundi wa barazani anakanyaga cherehani. Duka la Mhindi linapiga santuri ileile. Garimoshi la Mwanza linapiga honi, kuku wanakimbizana, kinu kinatwanga, na chini ya dirisha langu wanawake wanasubiri zamu ya bomba. Mmoja, nakumbuka, alikuwa akimweleza mwenzake jinsi mume wake alivyorudi na kofia mpya ilhali paa linavuja, na yeye akaichukua ile kofia akaikinga chini ya tundu la paa. Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya Baba Yetu. Nikashtuka nimenyamaza, nimetega sikio, nangoja kusikia mume alisema nini. Nilijikasirikia mpaka nikajipiga kofi pajani. Kesho yake nikachomoa sufi kwenye mto wangu, nikaifinyanga vipande viwili, nikaziba masikio. Nikafunga dirisha, nikafunga mlango, na nyuma ya mlango nikasukuma sanduku langu. Joto lilikuwa la kupikia mkate, lakini nilivumilia, nikiamini kwamba jasho nalo linahesabiwa mbinguni.

Haikutosha. Siku moja nilitoka nje, sufi masikioni, nikawaambia wote wanyamaze kwa kuwa nasali. Zuhura akasimama juu ya kinu akapaza sauti, "Nyamazeni! Na kuku nao wanyamaze! Mnyamwezi anaongea na Mungu, na Mungu mwenyewe haelewi Kinyamwezi!" Ua mzima ukacheka, na Shangazi ndiye aliyecheka kuliko wote. Niliwachukia. Nasema nilivyohisi: nilirudi ndani nikapiga magoti kumwomba Mungu anipe amani, huku nikipanga maneno makali ya kumwambia Zuhura jioni.

Shangazi hakuwa na saa ya utulivu. Alisali akimenya karanga, alisali akipepea moto, na katikati ya sala aliweza kugeuka akamjibu mtu kwamba ndoo iko nyuma ya mlango, kisha akaendelea alipoachia bila hata kusema amina. Alikuwa na sauti nene isiyofuata wimbo, na kanisani watu wa benchi la mbele walimjua bila kugeuka. Nilimuuliza siku moja, "Shangazi, unawezaje kusali na makelele haya?" Akaniuliza, "Makelele yapi?" Nikamwonyesha uani kwa kidole. Akasikiliza kidogo, kama mtu aliyeambiwa kuna ndege asiyemwona. "Aa, hao," akasema. "Hao si ndio ninaowaombea?" Halafu akaniambia nimpishe, namzibia mwanga. Nilimdharau. Nilijisemea kwamba hiyo ni sala ya watu wasiosoma, na kwamba yeye hana cha kulinda kwa sababu hajawahi kuulizwa anawaza nini.

Leo, nikiwa mzee kuliko yeye alivyokuwa, nashangaa jinsi nilivyoshughulika na masikio wakati wezi wote walikuwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndani ya ule ukimya wa sufi nilisikia mambo ambayo uani hayakuwapo: nani alinicheka darasani, nani anasali vizuri kuliko mimi, Mwinjilisti ataniangalia vipi Jumapili. Kadiri nilivyofunga ndivyo nilivyozidi kuhangaika. Nilikonda. Nilikuwa nikila huku nikichungulia kivuli mlangoni kujua kama saa imefika, na nikisali huku nikihesabu siku zilizobaki mpaka Pasaka.

Mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia. Siku hiyo mawingu yalitanda tangu asubuhi na watu walikuwa wakali kwa joto. Nilijifungia kama kawaida, nikapiga magoti, nikaanza Zaburi moja ndefu niliyokuwa najifunza kwa moyo. Nilipofika katikati nikasikia sauti ya Shangazi ikiita. Maneno sikuyapata kwa sababu ya sufi, lakini sauti ile nene nisingeikosea. Nikajiambia, huu ndio usumbufu wenyewe niliofundishwa kuushinda. Atakuwa anataka ndoo. Sauti ikaita tena. Nikaisukuma sufi ndani kwa vidole, nikaendelea na Zaburi mpaka mwisho, kisha nikairudia toka mwanzo. Na Mungu anisamehe kwa hili ninaloandika: nilitulia. Kwa mara ya kwanza tangu nije mjini moyo wangu ulikaa kimya kabisa, nikaona fahari, nikamshukuru Mungu kwa machozi. Nilikaa hivyo labda nusu saa.

Nilipotoka, Shangazi alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa mapajani kwa Zuhura, mdomo umekwenda upande. Karanga zilikuwa zimemwagika sakafuni. Zuhura hakunitukana, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema tu, "Lete maji," nami nikaleta. Walikuja wanaume wakambeba mpaka hospitali, daktari akatuambia ni kiharusi, na baada ya siku mbili tukaruhusiwa kumrudisha nyumbani afie kwake. Aliishi siku tisa. Ulimi ulikuwa umelala na mkono wa kulia umekufa, lakini macho yalikuwa mazima, na macho hayo yalinifuata kila nilikokwenda chumbani. Mkono wa kushoto ulipapasa nguo yangu, ukaivuta, na koo likatoa mlio usiokuwa neno. Kila mara nilisikia neno moja: nilikuita. Nilimlisha uji kwa kijiko, nilimfulia, nilimpepea, na sikuweza kumwangalia usoni. Zuhura alikuja kila siku kumgeuza na kumpaka mafuta mgongoni. Mimi na yeye hatukuisema siku ile hata mara moja. Nilikuwa namwogopa kama shahidi, kwa sababu nilijua aliisikia ile sauti na alijua mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

Siku ya mazishi ua ulijaa. Walikuja kutoka Itetemia, akiwamo Baba Mkubwa, kaka yake Shangazi, mzee wa kanisa. Mwinjilisti alikuwa amekwisha vaa joho. Jeneza lilipokuwa tayari kuinuliwa, Zuhura akatokea amejifunga kanga ya Shangazi na kikapu chake cha karanga kichwani, akaketi kwenye kizingiti. "Roda haondoki!" akasema. "Akiondoka nani ataninyima chumvi? Nyie wapagazi, mmebeba pembe mpaka Bagamoyo, leo mtashindwa na bibi mmoja? Nilipeni kwanza!" Wazee wakaanza kucheka, machozi yakiwatoka. Akaimba wimbo wa kanisani kwa ile sauti nene, akipotea palepale Shangazi alipokuwa akipotea, na kwa dakika moja Shangazi alikuwa amerudi uani. Mwinjilisti akakohoa. "Mama, tuna ibada," akasema kwa upole. "Namaliza, Mwinjilisti," Zuhura akajibu. Akasimama, akachomeka vidole masikioni, akatembea kwa ncha za miguu mbele ya watu wote, akapiga magoti akisema, "Sss! Nasali!"

Walicheka. Ndugu zangu mwenyewe walicheka, wakanigeukia kwa wema, maana hivyo ndivyo mtani humtoa mfiwa kwenye majonzi. Lakini mimi nilidhani ananitangaza. Nilidhani sasa atasema yaliyobaki. "Toka!" nikapiga kelele. "Toka hapa! Wewe si ndugu yetu. Wewe mpita njia, Mwislamu, unatafuta nini kwenye msiba wa Wakristo?"

Zuhura akaivua ile kanga, akaikunja vizuri, akaiweka kizingitini, akaenda chumbani kwake. Baba Mkubwa, ambaye mkono wake ulikuwa tayari kwenye jeneza, akauondoa. "Hatuinui," akasema. Mwinjilisti akamnong'oneza kwamba mvua inakuja. "Na ije. Sisi hatumtoi maiti wetu tukiwa tumemfukuza mtani." Nilitaka ardhi ipasuke. Mzee yule akavuka ua, akasimama kwenye mlango wa Zuhura kofia mkononi, akazungumza kwa muda mrefu kwa sauti ya chini. Zuhura akatoka, akaligusa jeneza, akasema, "Mchukueni." Hakutania tena. Tulimzika Shangazi kimya, mvua ikitunyeshea, na wazee wa Itetemia walirudi bila kuniangalia.

Pasaka ile nilikwenda kwenye Meza ya Bwana kama wengine. Mwinjilisti hakuniuliza nawaza nini, na watu hudhani siku hiyo ndipo mwaka wangu ulipofikia kilele chake. Ulikifikia mapema zaidi, siku tulipoanua matanga, Baba Mkubwa aliponikabidhi tetea mwekundu aliyefungwa miguu. "Umpelekee mwenyewe," akasema, "kwa mikono miwili. Akikukatalia, kesho urudi naye tena."

Nilimkuta Zuhura kwenye moto anakoroga mchuzi. Nikapiga magoti, nikamnyooshea yule kuku. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri na yote yakanipotea. Alimpokea, akampima uzito, akambonyeza kifua. "Mnyamwezi," akasema, "kuku mwenyewe amekonda kama wewe." Nilijua nimesamehewa, na nilipaswa kucheka, lakini badala ya kicheko lilitoka swali lililokuwa likinila tangu siku ile.

"Dada Zuhura, aliniita mara ngapi?"

"Nani?"

"Shangazi. Nilimsikia. Nilimsikia nikanyamaza."

Akauweka mwiko chini. Uso wake haukuwa na utani wowote. "Ndilo hilo ulilolibeba siku zote hizi?" akasema. "Raheli, hakukuita wewe. Aliniita mimi. Aliita, 'Zuhura, njoo, mkono wangu umekufa,' mara mbili. Nilipofika nikataka nije nikugongee. Akanishika nguo kwa ule mkono mzima. Akasema, 'Mwache, anasali. Miezi yote hii anatafuta utulivu, usimharibie.' Hayo ndiyo ya mwisho. Hakusema tena."

Nilikaa chini pale jikoni. Uani watu walikuwa wakigombania ndoo, santuri ya Mhindi ilikuwa imeanza, na tetea alikuwa akipiga mabawa sakafuni, vumbi likiturukia. Nilitaka kusali, na sikutafuta pa kujifungia. Zuhura alinisogezea kigoda, akarudi kwenye chungu chake kabla mchuzi haujaungua, na mimi nikamwambia Mungu kwa sauti, mbele yake, kwamba sasa nimesikia.